Ndani ya Kisugudi

Saa nane na nusu za usiku, Dundee,
ghorofa ya tatu, ngazi za mawe zenye baridi ya kisima,
na Salha ameanza:
kwanza kikohozi cha uongo, kile cha kubisha mlango,
kisha kilio chenyewe, hakina hodi.

Nakuja, mama. Nakuja.
Friji inanimulika usoni.
Kila chupa Tunu ameibandika plasta,
kaandika kwa kalamu ya wodini siku na saa,
na hii ya leo kaongeza: polepole, baba Salha.
Ananijua.

Mimi ni mtu wa moto.
Miaka sita natia na kutoa mikate
kwenye tanuri la Bwana Geddes, nyuzi mia mbili na thelathini,
na nitakwambia mkate umeiva kwa kuugonga kitako tu.
Trei zimenichora mikono yote miwili,
makovu yamepandana kama ngazi kutoka kiganjani;
pale kwenye kifundo, wanapokwambia udondoshe tone,
ngozi yangu ilishakufa.
Tone likianguka, najua kwamba limeanguka.
Habari nyingine sipewi.

Mwezi wa kwanza niliiona maikrowevu ndugu yangu.
Sekunde arobaini, kengele,
chupa mkononi vuguvugu, pole kama mgeni wa siku ya kwanza.
Nikadondosha juu ya kovu. Nikaona sawa.
Tunu ndiyo anaingia, koti linachuruzika mvua,
akaninyang'anya, akajidondoshea yeye.
Mkono ukaruka.
Hakusema neno. Alifungua bomba,
akaacha maji yapite juu ya ule wekundu, yapite, yapite,
na mimi nimesimama nimempakata mtoto
mdomo wake bado wazi, unangoja.

Ile maikrowevu iko kwa jirani wa chini, anapashia supu.

Siku hizi ni jagi.
Birika lichemke, linyamaze, lipoe kidogo,
maji yafike mabegani mwa chupa, yasiguse kifuniko,
halafu kungoja.
Kungoja! Salha ananitukana kwa irabu tupu.
Namsogeza dirishani, namwonyesha taa za darajani
zinavyokwenda hadi Fife bila haraka.
Haoni cha Fife.
Naizungusha chupa kama mtu anayewaza,
siitikisi,
na mafuta yaliyojitenga juu yanarudi ndani ya maziwa
bila ugomvi.

Kisha nakunja mkono wa shati, juu, juu tena,
nayapita makovu, hadi ndani ya kisugudi
ambako trei haijawahi kufika,
ngozi ya yule niliyekuwa kabla ya kazi.
Tone.
Nasubiri liniambie.
Halisemi. Si moto, si baridi,
kama hakikuanguka kitu,
kama ni mimi mwenyewe.
Hapo ndipo.

Anaikamata chuchu kama mdai.
Macho juu, kidole kimoja kimeshika kovu langu la Novemba,
anakunywa mpaka pumzi zinapishana na usingizi.

Kimebaki kina cha ukucha.
Hakiwekwi akiba, nimeshafundishwa. Namwaga,
na roho inauma: Tunu aliyakamua kwenye chumba cha mablanketi,
amesimama, mlango kauegemea kwa mgongo,
mapumziko ya dakika kumi na tano.
Sisi waokaji hata makombo tunauza.

Saa tisa na nusu, ufunguo.
Yeye anaingia na baridi yake, mimi natoka na usingizi wangu,
tunapokezana mtoto kizingitini.
Amekunywa?
Amekunywa.

Kwa Geddes ni sheria kunawa mpaka visugudini.
Nakunja shati, na lipo,
limekauka kwenye kunjo la mkono,
jeupe, dogo, ungesema ni unga.
Nafungua bomba.
Nalifunga.
Huko nyuma tanuri linanguruma, limeshapata joto lake,
na Geddes anauliza kama leo nina mpango wa kufanya kazi.