Ongeza Kidogo

Mama alipima rafu kwa utepe wa cherehani
akapiga fundo mahali pa mwisho:
sentimita ishirini na mbili.
"Ikizidi hapo," kasema, "itausukuma mkate."
Nikatia fundo mfukoni, na zloti mia tisa
zilizotoka kwenye bahasha ya makaa,
nikapanda tramu kuvuka Łódź, theluji ikigeuka tope.

Wit anauza chini ya daraja la reli.
Treni ikipita, skrubu hucheza kwenye visahani.
Prosesa aliyonionyesha ilitumikia benki miaka mitano,
haikuiba, haikukopesha,
na picha inachora yenyewe, haina haja ya kadi ya pembeni.
"Hii inakutosha," akasema. "Lakini ukiongeza kidogo…"

Naijua hiyo kidogo.
Kidogo cha prosesa hudai kidogo cha bodi mama,
bodi mama hudai pawa saplai yenye kifua,
pawa saplai hudai kasha pana,
na kasha pana linausukuma mkate.
Waliosema haba na haba hujaza kibaba
hawajasimama mbele ya meza ya Wit,
ambapo haba na haba
kibaba hubaki kitako.

"Ya michezo?"
"Ya mama yangu. Ana miaka sabini na moja.
Anataka kumwona dada yake Eulalia akila, kule Winnipeg.
Anataka kulipa gesi bila foleni.
Na ruwaza za soksi."
"Basi ramu gigi kumi na sita."
"Nane."
Akaisogeza ile ya kumi na sita. Nikairudisha.
Akaisogeza tena,
kama tunagombania nani alipe chai.
Nane.

Ndipo akaweka feni ya zloti ishirini.
Nikamwomba aiwashe.
Ikalia kama nyuki ndani ya chupa.

"Wit," nikamwambia,
"baba yangu analala nyuma ya ukuta wa jikoni, ukuta wa mbao.
Mashine inamsaidia kupumua.
Mama akizinduka usiku hawashi taa.
Anasikiliza tu:
ndani, nje.
Feni hii ikiimba, hatajua ni ipi inayopumua."

Wit akazima redio yake.
Akaingia nyuma ya pazia, akakaa huko muda,
akatoka na feni nzito, nyeusi, isiyo na urembo wa taa.
Niliiona ikizunguka; sikuisikia.
Zloti themanini na tano.
Hapo, na hapo tu, niliongeza.

Nikalipia kwa kukata kwingine:
kasha la mtumba, stika ya benki imebanduka nusu;
diski ndogo, gigi mia mbili arobaini,
maana picha zote za maisha ya mama
zinaenea kwenye kopo moja la biskuti.

Usiku tuliiunga mezani.
Mama alishika skrubu kwa kikoleo cha nyusi,
akaniuliza gundi ya joto ni kiasi gani.
"Kama dengu moja."
"Dengu mbichi au iliyopikwa?"
Sikuwa na jibu. Nikatia mbichi.

Nikabonyeza.
"Haijawaka," akasema mama.
Nikamwonyesha nukta ya kijani.
Hakuiamini nukta. Akavua hereni,
akaegemeza sikio kwenye bati
jinsi anavyopima supu kama imeanza kutokota,
na mimi nikabana pumzi nisimharibie.

Nyuma ya ukuta, baba:
ndani,
nje.

"Imewaka," akasema, taratibu.
Kisha akachukua utepe, kuhakikisha.
Zilibaki milimita nne,
na mkate ulikuwa palepale.