Mikono Isiyoinua

Kuhmo, Februari. Trekta dogo linanguruma vizuri tu,
ila mikono ya mbele, ikipewa theluji nusu ndoo,
hupanda hadi magotini, ikasita,
ikashuka kama inayoomba radhi.

"Pampu imekufa," kasema Taisto, jirani.

Aulikki hakumjibu. Kachomoa kijiti cha oili:
kimo sawasawa, lakini povu, povu tupu.
Kafunga geji. Sindano ikafika katikati,
ikatetemeka, ikachoka.

Pampu mpya ni bei ya ng'ombe wawili,
na ng'ombe alikwishawauza.

Akalala chini ya chuma, gunia mgongoni,
akafungua bomba la kufyonza:
kijipete cha mpira, ufa mwembamba kama unyusi.
Hapo ndipo hewa ilipojipenyeza.

Senti themanini.

Jioni akairundika theluji
juu kuliko uzio wa Taisto,
kimya.