Sifuri ya Jumatatu

Kila Jumatatu, kabla ya saa nne,
naituma wizarani hesabu ya jiji la Jinja kwa simu:
kipindupindu, sifuri. Surua, sifuri.
Kung'atwa na mbwa, mmoja, wa Mpumudde,
kadungwa sindano ya pili
na bado anamtukana mwenye mbwa.

Daktari Tibenkana alinionya siku ya kwanza kazini:
"Usiniachie kisanduku kitupu, kijana.
Pengo ni mtu ambaye hakwenda kutazama.
Sifuri ni mtu aliyekwenda, akarudi na tope."

Sikumwelewa. Kwangu sifuri ilikuwa yai tu,
kazi nyepesi ya kalamu.

Mpaka wiki ya kumi na tisa.
Mvua iliukuta mtaro wa Walukuba umekabwa koo na mifuko ya plastiki,
maji yakajitafutia njia, yakapitia vyooni.
Jumanne, mtoto mmoja.
Jumatano, wawili, na mama yao.
Naigaga, mkaguzi wetu, aliondoka chai ikifuka mezani,
nami nyuma yake na sanduku la vichupa.

Chemchemi ilikuwa safi kwa macho, ungeona hata kokoto zake.
Akajaza kichupa, akakifunga, akakiweka mezani pangu.
Nililala nikikiwaza.
Asubuhi kilikuwa cheusi, masizi matupu.

Tulipokwenda kuifunga tulikuta watu wamejaa.
"Bibi zetu walikunywa haya!"
"Mnataka tununue ya bomba, mtatulipia?"
Waiswa, muuza maji, aliilaza baiskeli yake njiani,
madumu sita, akasema tupite juu yake.
Naigaga hakupita. Alichutama karibu naye
wakazungumza Kisoga kwa sauti ya chini, muda mrefu,
hata jua likanichoma utosi.
Sijui walisemezana nini.
Najua kesho yake Waiswa alisimama kwenye tangi la manispaa
na bomba la sindano lisilo na sindano,
akitia dawa kila dumu, lake na la jirani,
akimkaripia yeyote anayekunywa kabla ya nusu saa kwisha.

Kina mama wa kujitolea walipita mlango kwa mlango.
Vijana wa mtaro walizoa mifuko, mkokoteni baada ya mkokoteni,
wakalipwa kwa kuchelewa, kama kawaida yetu.
Vitanda vyenye tundu vilipangwa shuleni.
Kumi na wanne walivilalia. Kumi na watatu waliondoka kwa miguu yao.

Nangobi hakuondoka.
Alikuwa akinikopesha chapati tangu nilipoanza kazi.
Fomu haina nafasi ya jina, inataka namba tu:
vifo, moja.
Jina nimeliandika pembeni kwa penseli,
na deni langu, shilingi elfu mbili mia tano,
nimempelekea binti yake, ambaye hakutaka kuhesabu.

Wiki ya ishirini na tatu hakuna gazeti lililotutaja.
Hakuna mgonjwa, basi hakuna habari.
Naigaga aliingia na viatu mkononi, akauliza kama kuna chai.
Nikafungua fomu.
Kipindupindu:
nikaichora sifuri polepole, kuanzia juu, nikaizungusha,
nikakutanisha ncha zake vizuri,
isije ikavuja.