Ombwe

Pampu imefika na basi la usiku kutoka Dar,
imeviringishwa gazeti, kisha nguo ya mtoto, ya njano, yenye bata,
nzito kama kilo mbili za nyama na mfupa wake.
Gurpal ameshapiga mara tatu:
"Fundi, umeifunga?"
Sijaifunga. Nimeiweka kwenye benchi,
kati ya chupa ya chai na silinda hedi ya mtu asiyelipa,
tunatazamana.

Hoja yake naijua, mimi ndiye niliyemtia wazimu huo.
Pistoni ikishuka inashukia upepo.
Moshi unaopenya kwenye ringi
hujaa tumboni mwa injini kama gesi ya maharage,
krenki inaichapa oili mpaka povu,
sili zinatoka jasho.
Inyonye hewa hiyo, acha ombwe,
na krenki itazunguka kama iko peke yake duniani.
Farasi kumi, anasema. Labda kumi na wawili.
Mimi nasema sita,
na mmoja wao ataliwa na mkanda wa kuizungusha pampu yenyewe.

Tena sisi hatukimbii kwenye lami.
Sisi ni Kahe, ni barabara za miwa,
vumbi laini kama unga wa ulezi
linaloingia hata ndani ya kioo cha saa.
Sili ya krenki ilizaliwa kuzuia kutoka;
kuzuia kuingia hakuna aliyeifundisha.
Nikivuta kupita kiasi mdomo wake utapinduka,
na kila kona injini itaramba kijiko cha Kahe.
Halafu ile pini ya pistoni,
inayoishi kwa matone ya kurushiwa tu,
nani atainywesha nikishakausha ukungu wote?

Nilikuwa nayasema haya kwa sauti.
Thadei, anayejifunza kazi kwangu,
alikuwa anaosha nati kwa petroli, hajainua kichwa:
"Kwani tunajua inapumua kiasi gani?"

Nikaona aibu, ile ya masikioni.
Siku mbili nabishana na simu
na sijapima kitu.

Shemeji yangu Ndeshukurwa ni nesi KCMC.
Alisahau jozi ya glavu siku aliyoleta gari kubadili plagi.
Tukaivika moja kwenye mpira wa kupumulia,
tukaikaza kwa waya, tukawasha.
Mwanzo ililala, ngozi tupu.
Kikaamka kidole gumba. Kikafuata cha kati.
Kwenye elfu tatu mkono mzima ukasimama juu ya injini,
mweupe, mnene, vidole vimetanuka,
kama mtoto wa darasa la pili anayejua jibu
na mwalimu anaandika ubaoni.
Elfu nne, ukapasuka.
Mbwa wa jirani alibweka mpaka Pasua nzima ikajua.

Tukapima mgandamizo.
Ya kwanza nzima. Ya pili nzima. Ya nne, tuseme nzima.
Ya tatu ilipanda kama mgonjwa anayepanda ngazi.

Pampu ingeificha vizuri.
Ingenyonya ule moshi kimyakimya,
gari lingetoka mbio, mimi ningesifiwa,
mpaka siku moja huko kwenye miwa.

Lakini nisijifanye mtakatifu.
Naitaka. Nikitia ringi mpya,
nikipata valvu ya kuipunguzia tamaa,
nataka kuisikia krenki hiyo ikizunguka
pasipo kitu cha kuipinga.
Jana nimeizungusha kwa mkono, gizani, bure,
nikaweka kidole kwenye tundu lake.
Ikakivuta.

Simu ya nne.
"Fundi, sema ukweli. Umeifunga?"
Thadei ananitazama, mikono inachuruzika petroli.
Nimeifunga, nikamwambia,
nikimalizia fundo la nguo ya bata.
Sasa niletee ringi.