Bei Haijaambiwa

Jogoo wa Bi Mwatabu, hajawika kwenye paa,
Nimekanda taratibu, kwa mwanga haba wa taa,
Kwa vidole na hesabu, unga huu wahadaa:
Mahindi yamezagaa, ngano jina mdomoni.

Mama alipoziuza, hamri moja ndururu,
Nami sikuigeuza, ile bei, nashukuru,
Vita vikatuburuza, vikapandisha ushuru,
Kila ratili udhuru, kila duka na foleni.

Jivanji wa Makadara, kadi yangu aigonga:
"Hakuna, dada, hasara, meli ya mbali yasonga."
Kumbe gunia na jora, ameviziba kwa kanga,
Anayejua kuhonga, hupimiwa chochoroni.

Mwidani na miwaniye, gazeti hulifungua,
Barazani akaaye, kahawa yake hutua,
Asoma kwa sautiye: "Ulaya yajikung'ua,
Vita tumeshavivua, dunia iko amani."

Dirishani nikahoji: "Na bei, imeambiwa?
Kwa nini debe la maji, kama dawa lagaiwa?
Na kanga, kwa muhitaji, nusu doti akatiwa?"
Mzee alizidiwa, akarudi gazetini.

Shosi, ndugu yangu, kaja, katoka vitani Bama,
Kanunua, hakungoja, santuri ya kulalama,
Sindano anayo moja, huinoa kainama
Juu ya jiwe la mama, la kusagia jikoni.

Jirani wote hujaa, sebuleni kusikia,
Wake ukumbi hutwaa, watoto wakasinzia,
Wakimuuliza njaa, na misitu ya Asia,
Ufunguo hutilia kinanda, kimya kinywani.

Jumatano zetu wake, sinema ya Kimisiri,
Buibui zifunike, tuvuke njia kwa siri,
Kiarabu kisishike, machozi ni tafsiri.
Tikiti si ya fakiri: hamri kumi kapuni.

Nikasema, basi, liwe, bei mpya naitaja!
Makuli wakawa mwewe, kunizunguka wakaja:
"Twabeba vyuma na mawe, kutwa kwa shilingi moja,
Sasa hamri, kioja, nayo yatudai peni!"

Ndururu ikarejea, donge nikalipunguza,
Mafutani laelea, laja juu, lajikuza,
Mmoja akakemea: "Dada, upepo wauza!
Meno yamejiumiza, sikuona kitu ndani!"

Kisha siku ikazuka, bandari haikuvuma,
Winchi zikaning'inika, angani zimesimama,
Boi naye akaweka chini trei, akahama,
Makuli wote wagoma, wakajaa uwanjani.

Biashara ikadoda, kapu likarudi tele,
Yule wa "upepo, dada", kaja na mkono mbele,
Asema, "Nipe kwa muda, deni haliwi milele."
Nikampa zile zile, za upepo mle ndani.

Kwa kaa, kwenye ukuta, nikapiga mistari,
Wengine wakafuata, ukawa kama shairi,
Shosi kacheka, kateta: "Hili jeshi ni hatari,
Limepangwa kwa safari, amiri wake ni deni."

Mwidani, gazeti lake, likasema mambo mengi,
Farasi na mbio zake, na mvua za nchi nyingi,
Mgomo na watu wake, ukubwa wake shilingi.
Habari za watu wengi, ni zile za ukutani.

Mgomo ulipotua, senti chache zikapanda,
Wapo waliochukua deni lao wakaenda,
Wa upepo kafichua thumuni aliyolinda,
Nikaipokea, kwenda Jumatano sinemani.

Na gazeti, limekwisha kusomwa, mimi hupewa,
Nalirarua kutosha, hamri nazo hutiwa,
Mafuta yakilowesha neno kubwa, likalewa,
Mtoto hakuambiwa, akailamba "amani".