Usiku wa Kuamkia Ijumaa

Faili lenyewe ni dogo, dogo kuliko picha ya pasipoti.
Nalibeba shingoni kwenye flashi, pamoja na ufunguo wa stoo.
Halina seva, halina bosi mjini.
Ndani yake wamelala watoto wote wa zahanati ya Handali
tangu tulipofungiwa sola.

Halijui tarehe. Hilo nilichelewa kulielewa.
Ukilipatia neno linatunza neno, ukilipatia namba, namba;
ukiandika "juzi" litapokea "juzi" bila kukunja uso.
Mwanzoni niliandika kama tulivyozoea, siku mbele,
kisha nikaliambia: panga.
Likaweka tarehe kumi Desemba kabla ya tarehe mbili Machi,
maana moja hutangulia mbili, basi,
na kitindamimba akampita kifunguamimba.
Sasa naanza na mwaka, mwezi, siku, saa, sifuri mbele ya tisa,
kama unavyomwelekeza mgeni: Chamwino kwanza,
kisha Handali, kisha nyumba ya bati jipya,
kisha mlango.

Lakini saa.
Nesi Perisi huandika daftari likiwa juu ya goti:
"saa 9 kasoro dk 10 usk."
Natoa sita, nipate saa ya simu.
Natoa tatu tena, nipate saa ya faili,
linalohesabu kutoka mahali fulani mbali
wasikojua vumbi la Septemba.

Leo Mbeleje Ndahani amesimama dirishani,
mmoja mgongoni, mmoja kifuani,
anataka kadi mbili.
Nauliza: nani alizaliwa tarehe kumi na nne Februari?
Linaniletea Sechelela. Peke yake.
Naandika tena, polepole. Sechelela.
"Na Nyemo? Nyemo hamkumwona?"

Robo saa tu iliwatenganisha,
mvua ikipiga bati hadi Perisi akawa anahesabu kwa kupaza sauti,
na ndani ya robo saa hiyo, huko mbali, siku ilikatika:
Nyemo akabaki Alhamisi,
dada yake akavuka.

Ningeweza kumweleza mama yao. Toa sita, toa tatu.
Yeye anasema tu, "Ulikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa,"
na maneno yake manne yameshamaliza kazi
inayonishinda kwa mistari kumi na moja:
usiku ni wa siku inayokuja,
hauhesabiwi na jua lililozama.

Naongeza saa tatu ndani ya swali.
Yanatoka majina mawili, Nyemo juu.
Kwenye kadi, penye nafasi ya saa,
naandika kama alivyoandika Perisi,
na ile kasoro yake.

Sechelela amelala.
Nyemo ananikodolea macho
kama mtu aliyekuja kudai chake.