Mzinga wa Tatu

Mbwa hufa. Ng'ombe hufa. Hata bwana shamba,
akiwa katili, hufa tu.
Ila nyuki, asema Domicėlė, hufariki:
Kilithuania kimemtengea kitenzi kimoja na binadamu.

Februari, theluji ingali magotini,
aliinamia mizinga, sikio kwenye ubao,
akabisha hodi kwa kifundo cha kidole.
Mpo?
Mizinga yote mitatu ilivuma.

Mei ikachanua njano shambani kwa Vaidotas,
na trekta likapita na dawa mchana kweupe.
Jioni, mlangoni pa mzinga wa tatu,
walilala kama majani ya chai yaliyomwagika.

Aliwafagia kwa bawa la bata bukini,
akawakafini kwa kitani cha mama yake,
akamrushia Austėja, mwenye nyuki na wanawake,
pombe ya asali, juu, si chini:
yule hakai ardhini.
Matone yakamrudia usoni. Hakuyafuta.

Kaburi lilikuwa bado la kina cha kiwiko
Vaidotas alipofika, kofia mkononi.
Samahani haikumtoka.
Aliuliza tu mazishi ni saa ngapi.

Domicėlė akampa sepetu.